Picha za Zamani ni Hazina ya Nyumba

Ndugu msomaji, kama unayo picha ya zamani kabatini, Jumapili hii itoe, uipanguse vumbi, kisha uende nayo hadi mahali ilipopigwa. Simama pale aliposimama mpiga picha. Itazame picha, kisha tazama mbele yako. Hiyo ni safari ya nauli ndogo na mafunzo makubwa.

Mimi nilianzia mjini, ufukweni, kwa kuwa huko ndiko kuliko na picha nyingi za kale. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi hii kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Katika picha za enzi hiyo, mnara wa kanisa la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, unaonekana kuitawala bandari. Mnara huo ungali umesimama, lakini maghorofa yaliyouzunguka yameufanya kama mtoto aliyesimama kati ya watu wazima.

Hata hivyo, picha hizo zina upungufu wake. Wapiga picha wa kikoloni walipenda majumba ya serikali, makanisa na meli. Maisha ya mtu wa kawaida hawakuyajali sana. Tena Temeke, Magomeni na Kinondoni zilikuja kupanuka hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipomiminika mjini kutafuta kazi. Historia ya mitaa hii, kwa hiyo, imo katika masanduku yetu wenyewe.

Nayo mitaa inabadilika upesi. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa katika Uwanja wa Taifa, ambao leo huitwa Uwanja wa Uhuru. Kando yake sasa upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007. Huko Magomeni, kota za zamani zilibomolewa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644. Makazi bora ni jambo la kushukuru. Lakini zile baraza walizokaa wazee jioni zimebaki katika picha tu, kwa yule aliyebahatika kuwa nayo.

Sisi tunayo moja, iliyopigwa Temeke mwaka 1968. Inaonyesha nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, paa la mabati yaliyoanza kushika kutu, na mkorosho mbele ya mlango. Chini ya mkorosho wamesimama watoto saba. Nilipofika hapo na picha mkononi, nilikuta safu ya maduka na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Hakuna aliyewahi kusikia habari za mkorosho.

Nikaipeleka picha kwa shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 81. Wenzake wote waliokuwa watu wazima mtaani siku zile wametangulia mbele ya haki. Aliweka kidole juu ya kila uso, akataja: huyu alikuja kuwa utingo wa lori; huyu aliolewa Kilwa; huyu surua ilimchukua mwaka uliofuata. Nami nikaandika. Alipofika kwa mtoto wa saba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sura ninaijua, mwanangu. Jina limenitoka." Mpaka leo hatujalipata.

Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, kinatutunzia mifano ya nyumba za jadi za makabila yetu, na inafaa kuwapeleka watoto wakaione. Lakini hakuna makumbusho yatakayotuandikia jina la mtoto wa jirani.

Basi wazazi, kaeni na wazee wenu na picha zenu. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli, bila kukandamiza, majina, mahali na mwaka. Zihifadhini ndani ya bahasha za karatasi, mbali na unyevu na jua. Kisha watumeni vijana, na simu zao za mkononi, wakapige picha mpya kutoka mahali palepale. Za kwao nazo ziandikwe majina leo, wakati kila mtu bado anayakumbuka.