Kagua Waya Kabla ya Kumlaumu Yaya

Mpenzi msomaji, kuna tabia moja ambayo nimeiona katika nyumba nyingi za miji yetu, na leo ningependa tuizungumzie kwa utaratibu. Intaneti ikipotea nyumbani, watu huanza kwa kumtafuta mkosaji. Baba husema ni watoto na michezo yao. Watoto husema baba hajalipa. Mama naye humgeukia yaya, kwa kuwa ndiye aliyepiga deki asubuhi. Kwa vile wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki, lawama huteremka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie yule asiyeweza kujitetea.

Nazungumzia hasa zile nyumba ambazo bado zina tarakilishi ya mezani iliyounganishwa kwa waya. Najua wengi wenu mnatumia simu na intaneti isiyo na waya. Hata hivyo, tarakilishi ya mezani haijafa. Wanafunzi wanaitumia, wanaofanya kazi nyumbani wanaitumia, na nyingi kati ya zile kuukuu hazina kifaa cha kunasa mawimbi, hivyo bila waya ni kama sanduku tupu. Isitoshe, waya una sifa yake: haubabaishwi na ukuta wala na mawimbi ya jirani. Ukiwa mzima, hufanya kazi mwaka mzima bila kukusumbua. Ukiharibika, huweza kuvuruga nyumba.

Mnamo Agosti 2024 nilimtembelea dadangu mkubwa huku Nairobi, siku ya Jumamosi. Nilikuta nyumba imenuna. Bintiye, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa na mtihani wa kufanya kupitia intaneti saa nane mchana, na mtihani wenyewe haukubali simu. Tangu saa nne asubuhi tarakilishi ilikuwa ikisema hakuna mtandao. Binti alikuwa amefura macho kwa kulia. Shemeji alikuwa akipiga simu kumtafuta fundi. Na dadangu alikuwa amekwisha kata kauli: yaya ndiye aliyevuta waya alipokuwa akipiga deki chini ya meza, na shilingi elfu mbili za fundi zingetoka katika mshahara wake.

Yaya mwenyewe alikuwa jikoni, kimya, akimenya viazi. Ni msichana ambaye kila mwezi humtumia mamake mashambani sehemu kubwa ya anachopata. Elfu mbili kwake si pesa za kuchezewa.

Mimi si fundi, ndugu msomaji. Nilisomea uandishi wa habari, na haya machache ninayoyajua kuhusu nyaya niliyapata kwa kumtazama fundi wa ofisini kwetu akifanya kazi. Yeye hamuulizi mtu yeyote nani kafanya nini. Huanzia ukutani na kufuata waya mpaka kwenye mashine, akiuliza swali moja kila anapofika. Nami nikaamua kufanya vivyo hivyo.

Swali la kwanza lilijibiwa na mpwa wangu mdogo bila yeye kujua. Alikuwa kochini akitazama vibonzo kwenye simu ya babake, kupitia intaneti ile ile ya nyumbani. Basi malipo yalikuwa yamefanywa, waya uingiao nyumbani ulikuwa mzima, na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, kilikuwa hai. Tatizo lilikuwa limebanwa mahali padogo: kati ya ruta na tarakilishi, mwendo wa mita kama nane hivi.

Swali la pili niliiuliza ruta yenyewe. Nyuma ya ruta huwa na matundu ya kuchomeka nyaya, aghalabu manne, yenye herufi LAN, na kila tundu huwa na taa yake ndogo. Taa hiyo huwaka pale ruta na mashine zinaposikiana. Ya tarakilishi ile ilikuwa imezimika. Nikauhamisha waya kwenye tundu jingine. Taa ikakataa vilevile. Kwa hiyo tundu halikuwa na hatia.

Nikaufuata waya. Karibu na meza ulikuwa umepondeka ukawa bapa kama utepe, na upande wa tarakilishi ulichomoka mara tu nilipougusa. Kile kiulimi cha plastiki kinachoushikilia kilikuwa kimevunjika. Ndani ya waya wa namna hii mna nyuzi nane za shaba, zilizosokotwa mbili mbili, na chache tu zikikatika mawasiliano hudhoofika au hufa kabisa. Katika droo tulipata waya mfupi uliokuja na ruta siku ilipofungwa, ungali ndani ya mfuko wake. Tukaisogeza tarakilishi karibu na ruta, tukauchomeka. Taa ikawaka. Saa sita ilikuwa haijafika.

Ni nani basi aliyeuponda waya? Alama zilikuwa wazi. Shemeji alikuwa amenunua kiti cha ofisi chenye magurudumu, na kila alipojisukuma nyuma, gurudumu lilipita juu ya waya pale pale. Deki haipondi waya, jamani. Lakini uzito wa mtu mzima, kila jioni, kwa wiki kadhaa, huuponda.

Kilichonigusa zaidi ni maneno ya yaya. Alipoitwa kuona, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, nilikwambia Jumatatu kwamba ile taa ya pili inazima na kuwaka." Ni kweli alikuwa amesema. Yeye ndiye anayepangusa vumbi kwenye ruta kila siku, kwa hiyo ndiye aliyezijua taa zake kuliko mtu yeyote mle ndani. Hakuna aliyemsikiliza. Dadangu, namsifu kwa hili, alimwomba radhi mbele ya watoto wote, na shemeji akaenda mwenyewe kununua waya mpya.

Hapa ningependa tuseme neno kuhusu haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa sababu ya mali iliyoharibika au kupotea, iwapo hasara hiyo imetokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Zingatia neno hilo, kusudi. Kukisia hakutoshi. Hata kama yaya angeuvuta waya kwa bahati mbaya akipiga deki, hilo si kusudi. Wengi wetu tunakata mishahara ya watu wa nyumbani kwa vikombe, pasi na nyaya kana kwamba hakuna sheria.

Sasa tuje kwenye hatua zenyewe, msomaji, ili siku yako ikifika usihangaike.

Kwanza, tazama kama simu iliyounganishwa na ruta hiyo hiyo inapata intaneti. Izime ile data ya simu yenyewe kwanza, isije ikakudanganya. Simu ikipata, hitilafu iko upande wa tarakilishi au waya wake. Isipopata, hitilafu iko kwenye ruta au kule inakotoka huduma.

Pili, soma taa. Ikiwa huduma yako huletwa na waya wa faiba, ambao hupitisha mwanga ndani ya uzi wa kioo, kisanduku chake kwa kawaida huwa na taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki nyumbani. Hakikisha ule waya mwembamba haujachomoka wala kukunjwa kwa ncha kali, kisha umpigie simu mwenye huduma. Usiuchomoe ukachungulia ndani, kwani mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Tatu, zima ruta kwenye soketi, hesabu nusu dakika, uiwashe, kisha uipe dakika chache iamke. Usichokoe kile kitundu kidogo sana kwa sindano. Kufanya hivyo hufuta mipangilio yote, pamoja na nywila na pengine maelezo ya huduma yako, na hapo ndipo utamhitaji fundi kwelikweli.

Nne, kagua waya wa tarakilishi ncha zote mbili. Sukuma mpaka usikie mlio mdogo wa kunasa. Badilisha tundu, kisha badilisha waya. Kila mara badilisha kitu kimoja tu, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Waya mmoja mzima wa akiba katika droo ni bora kuliko ubishi wa saa tatu. Ikiwa muda unakuponyoka, kumbuka kwamba simu nyingi zinaweza kuipa tarakilishi intaneti kupitia ule waya wake wa kuchajia. Washa ruhusa hiyo katika mipangilio ya simu, ufanye kazi yako, ukarabati ungoje.

Tano, ikiwa taa inawaka lakini intaneti bado haipo, iulize tarakilishi nambari yake. Katika mashine zenye Windows, fungua sehemu ya kutafuta, andika cmd, kisha katika kidirisha cheusi andika ipconfig. Katika nyumba nyingi utaona nambari inayoanza kwa 192.168. Ukiona inayoanza kwa 169.254, tarakilishi iliomba nambari kwa ruta ikakosa jibu, ikajipa yake. Anzisha upya vyote viwili, na ikiwa hali haibadiliki, rudi kwenye waya.

Sita, tazama tarehe. Ndiyo, tarehe. Tarakilishi kuukuu huwa na betri ndogo ya duara mfano wa sarafu inayotunza saa stima zikizimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na tovuti zenye ulinzi, kama za benki, hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama haviafikiani na tarehe hiyo. Nyumba nzima italaani mtandao, kumbe ni saa tu. Rekebisha tarehe, kisha ununue betri nyingine.

Na ikiwa yote hayo ni mazima? Basi muulize jirani. Kuna siku hitilafu iko mbali na nyumba yako, mbali hata na nchi kavu. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea satelaiti kupata intaneti kutoka nje. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na tangu hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu hupita chini ya bahari. Mnamo Februari 2012, nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hizo, hata ukilala chini ya meza na tochi, hutapata kitu. Tulia, upike chai.

Nina ombi moja la mwisho. Wafundishe watu wote nyumbani mwako maana ya zile taa, kuanzia mtoto wa darasa la nne mpaka yaya. Ni somo la dakika kumi. Andika kwenye karatasi nambari ya akaunti yako na simu ya mwenye huduma, uibandike karibu na ruta, maana siku ya shida nambari hizo huwa katika simu ya mtu aliyesafiri. Pitisha waya ukutani, mbali na magurudumu na miguu, na mbali na panya kama mtaa wenu unao.

Na yeyote akikuambia kuna taa inazimika, awe ni mtoto, awe ni yaya, nyanyuka ukaitazame siku hiyo hiyo. Jumapili njema.