Kitabu Kilichokula Mashine ya Mama



Mmoja wenu aliniuliza baada ya misa ni saa ngapi mwalimu hupata nafasi ya kusoma, ikiwa kutwa yuko shuleni na akitoka huko anashika vidumu vya maji. Nilimjibu kwa haraka kwamba husoma pale nafasi inapopatikana. Jibu hilo halikuwa la kweli. Mwaka huu nasoma kuanzia saa moja na nusu usiku, siku nne kwa juma, kwa sauti, mbele ya msikilizaji mmoja anayenidai. Jumatano ni zamu yangu ya maji, Jumamosi ni mkutano wa shirika, na Jumapili msikilizaji wangu hataki kusikia habari za kitabu, hulala mapema. Msikilizaji huyo ni mama yangu.

Sisi wa Munigi hatuhitaji kukumbushwa tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Jioni ile mbingu juu ya Nyiragongo ikawa nyekundu, na wazee walioiona lava ya 1977 na ile ya 2002 hawakungoja kuambiwa na mtu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu mkubwa alimbeba koko mgongoni. Mama alimfunga mdogo wetu, mtoto wa miaka saba, kwa kitenge, akanigeukia: «Wewe, beba mashine.» Ilikuwa mashine ya kushonea, ya kuzungushwa kwa mkono, isiyo na miguu, mtu mmoja mwenye nguvu angeiweza. Nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliingia ndani, nikatoka na begi la vitabu.

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwamba kulikuwa na giza na kwamba nilishika kilichokuwa karibu. Lakini begi lilikuwa chini ya kitanda, nililazimika kupiga magoti ili nilivute. Mashine ilikuwa kando ya mlango. Niliipita nikiingia, nikaipita tena nikitoka. Tulipofika barabarani Mama alitazama mikono yangu, akatazama njia, akaendelea kutembea. Usiku ule lava ilipita juu ya nyumba yetu na kushuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Siku chache baadaye, watu wengi walipoelekea Sake kwa miguu, begi lilikuwa bado begani mwangu, na lilikuwa zito. Tuliporudi tulikuta mwamba mweusi uliokuwa ungali unatoa moshi. Hatukuweza hata kubahatisha jiko lilikuwa upande gani.

Tangu hapo Mama hushona kwa mkono: pindo za vitenge, sare za shule, vifungo. Mchana huuza makala. Kazi iliyokuwa ya saa moja ikawa ya siku mbili, na wateja wengi wakahamia kwa wenye mashine. Hakunilaumu hata mara moja. Koko alifariki mwaka 2023, nasi tukaketi matangani siku nyingi tukizungumza juu ya mambo yote ya nyumba, lakini hilo halikuguswa.

Ndani ya begi mlikuwa na kamusi ya Kifaransa, Agano Jipya, vitabu viwili vya jiografia, na riwaya moja iliyochanika jalada, niliyoinunua mjini kwa muuzaji aliyetandaza vitabu kando ya barabara: Entre les eaux ya Valentin-Yves Mudimbe. (Kamusi haipo tena. Shangazi aliiazima kwa ajili ya mwanawe alipokuwa katika kambi ya wakimbizi, na kambi zilipoachwa tupu mwezi Februari 2025 ikaenda naye Rutshuru. Inamfaa zaidi huko, ingawa naikumbuka kila usiku ninapokwama kwenye neno.)

Mwezi Aprili 2025 redio ilitangaza kwamba Mudimbe amefariki huko Marekani. Nilishtuka kwa sauti. Mama akauliza ni nani aliyekufa. Nikamjibu kwamba ni mtu aliyeandika kimojawapo cha vitabu vya lile begi. Alivuta uzi hadi mwisho, akaukata kwa meno, ndipo akasema: «Basi hicho kitabu kilichokula mashine yangu kinasema nini?»

Sikuwa na jibu. Katika miaka minne sikuwahi kukimaliza.

Ndivyo tulivyoanza. Mama hajui Kifaransa isipokuwa kile cha sokoni, kwa hiyo nasoma sentensi kimoyomoyo kisha naitamka kwa Kiswahili. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941. Katika ujana wake alikuwa mmonaki wa Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda, kabla ya kuuacha utawa na kuwa mtaalamu anayesomwa duniani kote. Riwaya yake ilitoka mwaka 1973. Inamhusu Pierre Landu, padri Mkongo aliyesomea Roma, anayeiacha parokia na kwenda msituni kujiunga na waasi kwa kuamini kwamba haki iko upande wao. Huko nako hawamwamini, kwa kuwa ni padri. Kwa mwaka kama huu, na kuta zetu ni za mbao, kurasa nyingine nazisoma kwa sauti ya chini sana.

Mama ni msikilizaji mgumu. Nilipomfasiria jina la kitabu, «Baina ya maji», alitaka kujua ni maji yapi, kwa maana sisi tunayapangia foleni. Landu anapozama katika mawazo yake, naye huzama kwa kurasa nzima, Mama husema padri huyu anafikiri sana kwa sababu hakuna anayemtuma kisimani. Usiku mmoja nilichoka, nikaruka sehemu. «Umefunua karatasi mbili,» akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Nikarudi nyuma.

Juma lililopita tulifika mahali ambapo Landu anajiuliza tena kama alitoka parokiani kwa ajili ya maskini au kwa ajili yake mwenyewe. Mama aliweka nguo chini. «Alibeba alichokipenda,» akasema, «akaacha alichotumwa.»

Mdogo wetu, ambaye sasa yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi na hujifanya amelala ili asikilize, aliacha hata kupumua. Nilifunga kitabu. Nilimwambia Mama lile nililopaswa kumwambia barabarani usiku ule: kwamba nilisikia vizuri alichoniagiza, kwamba niliiona mashine, kwamba naomba anisamehe. Maneno hayakutoka kwa mpango mzuri kama ninavyoyaandika hapa.

«Nilijua kwamba uliiona,» akajibu. «Soma, mwanangu, taa inakwisha.»

Kaka yuko Kinshasa, amepata kazi ya kulinda duka. Tangu benki za Goma zifungwe mwishoni mwa Januari 2025 hutuma kidogo kwa simu, na makato ni makubwa. Hata hivyo, yeye na mimi tumeanza kuweka akiba. Fundi mmoja mjini ana mashine ya mkono iliyokwisha kutumika, anataka dola tisini. Tuna hamsini na tano. Nilikwenda kuiona Jumamosi kabla ya mkutano. Gurudumu linazunguka vizuri, ila sanduku lake limepasuka. Mama hajui bado, kwa hiyo nawaombeni, mkimkuta sokoni, msimwambie.

Katika riwaya tumebakiza kurasa arobaini hivi. Mdogo wetu anataka niharakishe, Mama anakataa. Tutaendelea Jumatatu.