Mwili wa Mtu Mbele ya Sheria

Mtu akinyang'anywa mali aweza kuidai. Akitukanwa aweza kujibu. Akidhulumiwa aweza kushitaki. Lakini aliyefungiwa mahali wasipopajua watu wake hawezi kudai, wala kujibu, wala kushitaki. Uhuru wa mwili ni mlango wa haki nyingine zote. Kwa sababu hiyo wanasheria wa kale walibuni amri iitwayo kwa Kilatini habeas corpus, yaani uwe na mwili. Kwa amri hiyo jaji humwagiza mwenye kumshika mtu amlete mbele yake, kisha aeleze amemshika kwa sheria gani. Bunge la Uingereza liliitungia sheria mwaka 1679, na makoloni yake yakairithi.

Sisi wakazi wa Kariakoo tuna sababu ya kulitafakari neno hilo. Mtaa wetu ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Neno lile la kikosi lina asili moja na neno la Kilatini lenye maana ya mwili. Basi jina la soko letu lakumbusha miili iliyotwaliwa pasipo mtu wa kuulizwa.

Swali la amri hii ni dogo, nalo ndilo zito. Haiulizi kama mtu ni mwema au mwovu. Yauliza yuko wapi, na nani amepewa mamlaka ya kumweka huko. Niliwahi kufuatana na mama mmoja, jirani yangu, ambaye mwanawe, mchuuzi wa nguo, alikamatwa sokoni. Kituo cha kwanza tuliambiwa hayumo. Cha pili tuliambiwa tukaulize cha kwanza. Siku ya tatu askari mmoja alimwuliza mama yule kama anajua mwanawe amefanya kosa gani. Akajibu, "Baba, kosa lake mtalisema mahakamani. Mimi nataka kujua yuko wapi." Hakujua Kilatini, lakini alikuwa amelisema lililo moyoni mwa amri ile. Siku ya nne wakili alianza kuandika kiapo cha ombi. Jioni yake kijana akaachiliwa, pasipo shitaka wala maelezo.

Tanzania Bara, uwezo wa kutoa amri hii umo mikononi mwa Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Mahakama yaweza kuagiza mtu aletwe mbele yake, na aliyezuiliwa kinyume cha sheria aachiliwe, awe ameshikwa na serikali au na mtu binafsi. Ndugu yake aweza kuapa kwa niaba yake. Ibara ya 15 ya Katiba nayo yalinda uhuru wa mtu. Iliingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984. Kutoka Kariakoo hadi Mahakama Kuu, Kivukoni, ni mwendo wa miguu kupitia Mnazi Mmoja.

Hata hivyo njia hiyo imepata kuwa na miiba. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila hukumu, nayo ikakataza mahakama kuihoji amri yake. Hata hapo majaji walipata pa kusimama. Mwaka 1980, katika shauri la Lesinoi Ndeinai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kizuizi kisicho na amri iliyotiwa saini na Rais mwenyewe si halali. Karatasi iliyokosekana ilifungua mlango.

Siku hizi mwiba mkali zaidi ni kukana. Mwezi Agosti 2024 Deusdedith Soka, kiongozi wa vijana wa CHADEMA Temeke, alitoweka pamoja na wenzake wawili. Ombi lilifikishwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, nalo likakataliwa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba walikuwa mikononi mwa polisi. Jaji hawezi kumwamuru mtu alete mwili ambao haukuthibitika kuwa anao. Lakini ndugu aliye nje ya ukuta atathibitishaje yaliyo ndani yake?

Kwa hiyo ulinzi wa amri hii hauanzii Kivukoni. Waanza pale mtu anapokamatwa: askari ajitaje, aseme sababu, ataje kituo, na jina la aliyekamatwa liandikwe kitabuni saa ile ile. Waanza pia kwetu sisi tusimamao kando, tunaoona gari likiondoka na mtu kisha tukageuza nyuso tukaendelea kupima unga. Shahidi mmoja asiyeogopa kuapa aliyoyaona ni msaada mkubwa kwa jaji. Sheria imempa jaji sauti ya kuuliza yuko wapi. Yatupasa sisi kuwa na sauti ya kusema tulimwona.