Ala Zetu za Muziki na Mnunuzi wa Ng'ambo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha darasani miaka mingi, wala hatukudhani kwamba siku moja ingetushitaki sisi wenyewe tuliokuwa tukiifundisha. Yaliyotupata yalihusu ala za muziki wa jadi. Kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wanashika simu zenye intaneti na kuliona soko la dunia nzima limo viganjani mwao, twaona yafaa tuyaeleze bila kuificha aibu yetu.

Katika vijiji vya Wagogo, Mkoani Dodoma, ala mbili hujulikana sana: zeze na ilimba. Zeze ni kibuyu au kijungu cha mti kilichowambwa ngozi, chenye mpini na nyuzi, nalo hupigwa kwa upinde. Ilimba ni marimba ya vidole: sanduku la mti lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa kwa ukubwa, ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka ala hizo mpaka katika majukwaa ya Ulaya, na watu wa mbali wakazipenda. Basi haishangazi kwamba wapo wageni wanaotaka kuzinunua. Swali ni moja tu: tuwauzie vipi, na tuwauzie nini?

Karibu na shule tuliyokuwa tukifundisha aliishi mzee mmoja, fundi wa ilimba. Kazi yake ilikuwa ya taratibu. Alichagua mti, akaukausha kivulini, akauchimba, kisha akafua vyuma na kuvilinganisha sauti kwa masikio yake, bila chombo chochote cha kupimia. Ilimba moja ilimchukua majuma mawili au zaidi, na bei aliyoipata kijijini haikumtosha hata kununua gunia la mahindi. Mwaka 2016 tulimshauri auze kupitia intaneti. Sisi tungepiga picha na kuandika barua, yeye angetengeneza.

Mzee alituuliza, "Mwalimu, mtu nisiyemwona uso nitakwenda kumdai wapi?"

Tulicheka kidogo, tukamwambia kwamba dunia imebadilika. Leo hatucheki tunapoikumbuka siku ile.

Haukupita mwezi, ikaja barua ya mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa muziki huko Uingereza. Alitaka ilimba kumi kwa mara moja. Hakuuliza ilimba ina vyuma vingapi, wala sauti yake, wala mti wake. Hakuomba kupunguziwa hata senti moja. Tulifurahi, na furaha ilitufumba macho. Siku chache baadaye tukapata barua nyingine iliyojifanya kutoka kampuni ya malipo. Ilisema kwamba fedha zote zimekwisha kulipwa pamoja na gharama za usafiri, ila zimezuiwa mpaka tumlipe kwanza wakala wa usafirishaji shilingi 850,000 kwa hawala na kupeleka stakabadhi. Mzee akauza ng'ombe wawili. Sisi ndio tuliokwenda kuzituma fedha hizo kwa mikono yetu.

Juma lililofuata wakadai fedha zaidi, sasa kwa jina la ushuru wa forodha. Hapo ndipo tulipokwenda benki kuuliza. Karani aliisoma ile barua, akatuonyesha kwamba anwani yake ilitofautiana na ya kampuni yenyewe kwa herufi moja tu. Hapakuwa na mwalimu wala wakala, na fedha hazikuwako popote. Tulipompelekea mzee habari hizo hakutulaumu kwa neno lolote. Aliziingiza ndani zile ilimba saba alizokuwa amekwisha kuzimaliza, akafunga mlango. Kimya kile kilituumiza kuliko matusi.

Baada ya hapo tulijifunza jinsi wizi huu unavyoendeshwa, maana kupotea njia ndiko kujua njia. Mwizi wa namna hii haivizii ilimba. Huvizia fedha ambazo muuzaji atazitoa mfukoni mwake kwa kuamini kwamba amekwisha lipwa. Wakati mwingine huleta hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, akaomba arudishiwe kilichozidi. Hundi huja kukataliwa na benki majuma kadhaa baadaye, na kilichorudishwa hakionekani tena. Mwingine hulipa kwa kadi, akaipokea ala, kisha akadai kwamba haikufika au kwamba ilifika imevunjika, na fedha zikaondolewa katika akaunti ya muuzaji. Dawa zake si nyingi, lakini zahitaji subira. Barua ya malipo si malipo. Fedha zihesabiwe zikiwa katika akaunti, na benki iulizwe kama haziwezi kurudishwa. Muuzaji asimtumie fedha mnunuzi wala wakala wa mnunuzi kwa sababu yoyote. Picha na stakabadhi ya posta zihifadhiwe. Na anayenunua ala bila kuulizia sauti yake, huyo ashukiwe.

Hata hivyo, mnunuzi mwaminifu naye ana hatari zake, na hizi hazitokani na uovu wa mtu. Mwaka uliofuata tulipata mtu wa kweli aliyetaka zeze, akalipa, nasi tukalifunga vizuri. Mtumishi wa posta alipoona ngozi iliyowambwa akatuuliza ni ya mnyama gani. Tukajibu kwa fahari kwamba ni ya kenge. Alituambia tulirudishe nyumbani, na tunamshukuru mpaka leo. Kenge na chatu wa Afrika wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973. Ngozi zao hazivuki mpaka kibiashara bila kibali. Zeze lile lingetaifishwa huko ng'ambo, na huenda mnunuzi angetozwa faini. Mzee akaliwamba upya kwa ngozi ya mbuzi.

Lakini hata ngozi ya mbuzi si salama ikiwa mbichi. Mwaka 2006 mjini New York fundi mmoja wa ngoma aliugua kimeta kutokana na ngozi zilizotoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mjini London fundi mwingine wa ngoma akafa kwa ugonjwa huo huo. Ndiyo sababu nchi nyingi hukagua ngozi kwa ukali, wala si kwa dharau kama wengine wanavyodhani.

Miti nayo ina sheria zake, na sheria hizo hubadilika. Mpingo wetu wa kusini, ambao mafundi wa Ulaya huutumia kutengenezea klarineti na obo, uliingizwa katika orodha hiyo ya pili kuanzia tarehe 2 Januari 2017; kisha mkutano wa mwaka 2019 ukazisamehe ala zilizokwisha kukamilika. Aliyeuza filimbi ya mpingo mwaka 2018 kwa kufuata maarifa ya mwaka 2015 alikosea, na atakayeuza mwakani kwa maarifa ya leo huenda naye akakosea. Lazima kuuliza kila mara kabla ya kufunga mzigo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufundisha kuliko yote. Yule mnunuzi wa zeze aliona katika picha zetu ilimba moja nyeusi kwa moshi, iliyotundikwa ukutani nyuma ya mzee. Ilikuwa ya baba yake. Akaandika kwamba angeilipia mara ishirini ya bei ya ilimba mpya. Tulimsomea mzee barua hiyo tukiwaza ng'ombe wake wawili waliopotea kwa ushauri wetu.

Akatuuliza, "Mwalimu, na huyu ni mwizi?"

Tukamjibu kwamba sivyo, huyu ni mtu mwaminifu na fedha zake ni za kweli.

Akasema, "Basi huyu ndiye wa kumwogopa. Yule wa kwanza alichukua ng'ombe, na ng'ombe huzaa. Hii nikiitoa, wajukuu watalinganisha sauti kwa kusikiliza nini?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yataka kibali kabla ya vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi. Lakini mzee hakuwa ameisoma sheria hiyo. Alijua tu kwamba sauti za ala zake zote zilitoka katika ile moja, na kwamba fundi akiuza kipimo chake ameuza ufundi wenyewe. Serikali ya Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ilikusudia kuuhuisha urithi ambao ukoloni uliudharau. Ingekuwa jambo la kusikitisha kama urithi huo uliosalimika katika dharau ungetutoka mikononi kwa sababu ya kupendwa.

Hatusemi kwamba tusiuze. Fundi asiyeuza huacha ufundi, na mtoto wake hatautamani. Tunachosema ni kwamba kiuzwe kile ambacho mkono waweza kukitengeneza tena kesho. Kiuzwe kwa kujua sheria, na kwa fedha zilizokwisha kufika. Walimu wenzetu wanaofundisha biashara na wanaofundisha muziki wakae pamoja juu ya jambo hili, maana mwanafunzi wa leo ndiye atakayeshika simu kwa niaba ya babu yake, kama sisi tulivyoishika.

Tulimlipa mzee ng'ombe wake kidogo kidogo kutoka mshahara wetu, kwa miaka miwili. Pia tulimnunulia daftari. Humo huandikwa kila ilimba inayotoka: mti wake, ngozi au vyuma vyake, jina la mnunuzi, na siku fedha zilipofika. Mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye mwandishi. Ilimba ya ukutani haimo katika daftari hilo.