Mbwa Mzee katika Safari ya Likizo

Wasomaji wetu wa Usambara na Uzigua wanajua ya kuwa mbwa katika nchi hii hasifiwi bure. Husifiwa kwa kazi. Akibweka usiku, akifukuza nguruwe katika mahindi, akiwazuia nyani wasing'oe mihogo, basi hupewa ukoko wa ugali na jina zuri. Nguvu zikimwishia, jina hubaki, walakini ukoko hupungua. Si nyumba nyingi ambazo watu wake wamepata kumwona mbwa akizeeka mpaka mwisho. Nyumba yetu hapa Mombo inamwona sasa, nasi tumeona vema kuandika habari zake, kwani wengi hutuuliza na wengine hutucheka.

Wazee husimulia ya kuwa hata ufalme wa Usambara uliingia nchini pamoja na mbwa. Mbegha alitoka Nguu, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kilindi na ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Handeni. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akahesabiwa kuwa kigego, akachukiwa na jamaa zake. Akaondoka na mikuki yake na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe. Kila alipofika aliwapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba, wakafurahi kwa kuwa mashamba yao yalipona. Mwisho wake watu wa Vuga wakamfanya mkuu wao. Habari hizo aliziandika Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa Magila na wamisionari. Tulipowasomea watoto wetu nyumbani, yule wa pili hakuuliza neno juu ya ufalme. Aliuliza, “Mbegha alipokwisha kuwa mfalme, wale mbwa walipewa nini?” Mama yake akamjibu ya kuwa walistahili kula kwanza, na sisi hatukuwa na jibu bora zaidi.

Mbwa wetu aliletwa mwaka 2012 katika kikapu, kutoka kambi moja ya mashamba ya mkonge, naye hajatimiza miezi miwili. Watoto wa jirani wakamwita Simba, jina likamshika. Bibi yetu aliye mlimani, upande wa Vuga, hakupendezwa. Alisema ya kuwa wafalme wa Kilindi ndio walioitwa Simba Mwene, na haifai jina la wafalme kuitiwa makombo. Hata leo akimtaja husema “yule mzee” tu.

Alikuwa mlinzi hodari. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao kwa sheria ya dini yao hawapendi mate ya mbwa yaguse vyombo wala nguo za sala. Kwa hiyo tulimfundisha tangu udogo asivuke mfereji ulio kati yetu, na chakula chake huwa nyuma ya jiko letu. Basi kwa muda wa miaka kumi hapakuwa na ugomvi hata mmoja juu yake, na kuku wao walilindwa sawasawa na kuku wetu.

Sasa masikio yake hayasikii. Macho yameingia ukungu wa rangi ya maziwa na maji. Bwana mifugo alimtazama akatueleza ya kuwa si kila ukungu wa jicho la mbwa mzee ni mtoto wa jicho, kwani mara nyingi ni kioo cha ndani ya jicho kinachokazana kwa miaka, naye huendelea kuona kidogo. Meno ya nyuma yametoka. Asubuhi huinuka kwa vipande, kwanza miguu ya mbele, kisha hupumzika kama mtu afikiriye jambo, ndipo ya nyuma ifuate. Watu wawili, na wote ni watu wema, walitushauri tummalize. Mmoja alijitolea kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Shauri hilo lilikuwa zito zaidi ilipokaribia likizo ya Juni mwaka 2024. Kila mwaka twapanda kwenda kwa Bibi. Zamani Simba alikuwa akipanda kwa miguu pamoja na kijana wetu mkubwa kwa njia za mkato, nao walitangulia kufika kabla ya sisi tuliongojea gari. Mombo iko chini penye joto, palipofikiwa na reli ya kutoka Tanga mwaka 1905. Soni iko juu, yapita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na barabara hupanda katika bonde jembamba la mto, kona baada ya kona. Mbwa mwenye umri huo hawezi kupanda. Kumwacha ilikuwa kumwacha na mmojawapo wa wale washauri wawili.

Jioni moja tulisoma katika sala ya nyumbani Kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, na Waanglikana hukisoma kwa mafundisho. Kijana Tobia anasafiri pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa anafuatana nao. Mbwa huyo hutajwa mara mbili tu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Habweki, hawindi, hamfukuzi mwizi. Hakuna kazi hata moja aliyoandikiwa, ila amehesabiwa katika safari. Mama wa watoto akafunga kitabu akasema, “Basi tutafute gari.”

Utingo wa gari la abiria alikataa kabla hatujamaliza salamu, na hatumlaumu, maana abiria wake wangelalamika. Walakini kila mkaaji wa Mombo ajua ya kuwa malori hushuka kutoka Lushoto yamejaa kabichi, karoti na nyanya, na yakirudi huchukua matenga matupu. Dereva mmoja akatuchukua sote kwa nauli ndogo. Simba akalazwa juu ya gunia katikati ya matenga, kichwa chake katika mapaja ya binti yetu, naye akanusa upepo njia nzima. Penye maporomoko ya Soni alisimama peke yake. Hatujui kama aliyaona au aliisikia harufu ya maji.

Mlimani mwezi wa Juni ni baridi na ukungu. Bibi alitupokea, akamtazama mbwa, akasema, “Mmeniletea mgonjwa.” Mbwa ndani ya nyumba yake halikuwa jambo la kuzungumzwa. Usiku wa pili tuliona amemtandikia gunia kuu kuu chini ya upenu wa jiko, mahali ambapo ukuta hupata moto wa mafiga. Hatukusema neno, naye hakusema.

Siku ya nne alipotea. Ukungu ulishuka mchana, na mbwa asiyesikia haitiki. Tulimtafuta mferejini, tukamtafuta katika migomba, hata binti yetu akaanza kulia. Mara tukasikia kelele kwa jirani mmoja mfugaji. Simba alikuwa ameingia zizini akalala karibu na ndama kwa ajili ya joto. Mzee mwenye zizi alisimama na panga mkononi. Miaka ya nyuma ng'ombe wake aliumwa na mbwa mwenye kichaa akafa, na hofu yake ilikuwa ya haki. Akasema, “Mwalimu, mbwa asiyeitika na atembeaye akiyumba, sisi twamjua.”

Tulimwomba asubiri kidogo tu. Binti yetu alikimbia nyumbani kwa Bibi, akarudi anahema. “Shikamoo, babu. Kadi yake hii.” Ilikuwa kadi ya chanjo, yenye tarehe na mhuri wa bwana mifugo kwa kila mwaka. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote polepole. Kisha akaliegemeza panga ukutani, akauliza kama chanjo ile yapatikana Soni.

Kwa ajili ya neno hilo tusimame kidogo, kwani si dogo. Kichaa cha mbwa kikikwisha kuonyesha dalili katika mtu, karibu kila mgonjwa hufa, wala hakuna dawa ya kukiponya. Lakini chanjo ya mtu aliyeumwa ipo tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto mmoja Ufaransa mwaka 1885. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, imewekwa kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu habari hizi. Watu wengi humchanja mbwa kijana na kumwacha mzee, ati amekwisha. Mzee wetu angalikatwa kwa panga siku ile kama tungalifanya hivyo.

Tulirudi naye Mombo kwa lori lililojaa karoti, akiwa mbele kwa dereva, maana nyuma hapakuwa na nafasi. Hatutampandisha tena. Likizo ya Desemba iliyofuata kijana wetu mkubwa alikubali kubaki naye, naye hakulazimishwa.

Bibi akipiga simu huuliza hali ya kila mtoto kwa jina, kisha mvua, kisha mahindi. Akikaribia kukata husema, “Na yule mzee, anakula?” Tumemjibu ya kuwa anakula ugali laini uliolowekwa katika mchuzi wa dagaa, na ya kuwa juma lililopita alibweka mara moja, mchana, wala hapakuwa na mtu.