Mgeni Mwenye Kazi Mfukoni

Chuo niliacha mwaka wa tatu karo iliponishinda, lakini wazo moja la darasa la mitandao halijaniacha. Kwa kawaida kompyuta ya msimamizi huwa kama mnyapara: inauliza kila mashine, "Uko sawa?" kisha inangoja jibu. Mashine zikiwa nyingi, maswali yenyewe yanaleta jam. Basi kuna watu wakasema, mbona tusitume programu isafiri yenyewe, ifanye kazi hukohuko, irudi na jibu tu? Wakaiita wakala.

Miaka ya 1990 General Magic walileta Telescript, IBM wakaleta Aglets. Hazikuenea. Shida moja kubwa ilikuwa kuaminiana: nani atamfungulia mgeni aliyebeba maagizo ya mtu mwingine? Tayari mwaka 1988 mnyoo wa Robert Morris ulikuwa umelemaza maelfu ya kompyuta kwa kujisafirisha hivyo hivyo.

Wahariri wengi huniuliza nilisomea wapi kabla hata ya kufungua faili. Siwalaumu sana. Naomba tu kile wakala aliomba: kachumba kadogo, nifanye kazi mkiniona, halafu mpime.