Bowa za Villers

Wamama wenzetu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaosoma kurasa hizi, mliomba sisi wa Bruxelles tuwaeleze namna tunavyoishi huku, si habari za makaratasi na baridi tu. Basi leo tunawaletea matembezi ya siku ya posho iliyopita. Tulikuwa wamama wanane, watoto kumi na mmoja, na Kambo mmoja.

Kambo huyu ni mama mzazi wa mwenzetu. Amepita miaka 70. Alifika mwaka jana, na tangu hapo siku zake karibu zote anakaa ghorofa ya tatu kando ya dirisha, akitazama tramu zinavyopita. Kule Katuba alikuwa mtu wa kuulizwa: dawa gani ya tumbo la mtoto, shamba lilimwe lini, ukoo huu na ule wanaweza kuoana au hapana. Huku wajukuu ndio wanaomfundisha. Kambo, usibonyeze hapo. Kambo, mlango unavutwa, hausukumwi. Wanamfundisha kwa upendo, lakini kufundishwa kutoka asubuhi mpaka jioni kunamchosha mtu mzima.

Tulichagua Villers-la-Ville kwa sababu gari la moshi linafika na watoto wadogo hawalipi wakiwa na mtu mkubwa. Unabadilisha Ottignies, kisha unashuka na kutembea kidogo kwa miguu. Ni mwisho wa mwezi wa kumi, wakati majani ya miti huku yanapogeuka rangi na kuanguka. Ndani ya gari Kambo aliweka uso kwenye kioo, akaona kilima kizima chekundu na njano, akafurahi: “Aka! Kumbe na huku miti inaanza kutoa majani!”

Ninyi mnaelewa alichosema. Kwetu miombo inatoa majani mapya mekundu mwishoni mwa kiangazi, mbele ya mvua ya kwanza, na pori linaonekana kama linawaka. Nyekundu kwetu ni kuzaliwa. Mjukuu wake akamjibu kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: “Hapana, Kambo. Inakufa.” Kambo akanyamaza. Haikuwa hata saa nne ya asubuhi, na alikuwa ameshasahihishwa.

Villers ni abasia, maana yake nyumba kubwa ya wamonaki, lakini imebaki kuta tu. Wamonaki wa Citeaux waliianzisha mwaka 1146 katika bonde la mto mdogo unaoitwa Thyle. Mto wenyewe, tuseme ukweli, kwetu tungeuita mfereji. Lakini maji hayo ndiyo yaliyosaga ngano yao na kuosha nyumba yao. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wamonaki walifukuzwa, mahali pakauzwa, na mnunuzi akaanza kuuza mawe, mabati ya risasi, mbao, kila kitu kilichoweza kubebwa. Katikati ya karne ya 19 wakapitisha reli ndani ya uwanja wa abasia. Mpaka leo gari la moshi linapita juu ya ukuta wa zamani na kutikisa ndege. Mmoja wetu, ambaye baba yake alifanya kazi ya reli Lubumbashi miaka yote, alisema hajawahi kuona wahandisi wasio na haya namna hii.

Kanisa ndilo lililotushangaza. Dari limeanguka sehemu kubwa, nguzo zimebaki, na juu kuna madirisha ya duara, moja juu ya lingine, sawa na macho. Majani yalikuwa yanaingia kwa juu na kushuka polepole mahali ambapo wamonaki walisimama kuimba usiku. Watoto walikimbilia kuyadaka. Kambo alisimama mahali ambapo altare ilikuwa, akajifunga kitenge vizuri, akapiga alama ya msalaba. Alibatizwa na mapadri Wabenedikto, wale waliotoka abasia ya Sint-Andries kule Brugge na kufika Katanga mwaka 1910. Tulimweleza kwamba wamonaki wa hapa nao walifuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto. “Basi hawa ni wakubwa wa mapadri wetu,” akasema, na kuanzia hapo akatembea kama mtu aliyefika kwa shemeji zake.

Chumba cha kuota moto kilimsikitisha. Wamonaki hawakuwa na moto katika nyumba yote isipokuwa hapo, jikoni na kwa wagonjwa. “Na baridi hii?” Akaliona jengo la kutengenezea bia, ambalo limebaki zima kuliko mengi, akacheka: “Ah, basi walijua kujipasha.” Tukazungumza juu ya munkoyo mpaka njaa ikatushika. Tulikula chini ya ukuta: mandazi, mayai, samaki wa kukaanga, na bukari baridi ambayo mama mapasa aliifunga kwa kitambaa. Watu waliopita walitazama. Tuliwasalimia.

Baada ya chakula tuliingia msituni, kwa njia inayofuata mto. Hapo Kambo alibadilika.

Mwanzoni alikuwa nyuma, ameshikwa mkono kama mgonjwa. Msitu ulipoanza kuwa mzito aliachia mkono, akapita mbele yetu, akaokota fimbo. Alikuwa anasoma chini. Aliwaonyesha watoto njia ya mnyama iliyopita kwenye majani. Aliwafundisha kunusa udongo. Watoto ambao nyumbani hawainui macho kwenye simu walikuwa wanamfuata kama vifaranga. Binti yake alisimama, akatuambia kwa sauti ya chini: “Huyu ndiye mama yangu. Yule wa dirishani simjui.”

Kisha tukasikia kelele. “Bowa! Njoni! Bowa!”

Chini ya mti mkubwa wa mwaloni ilikuwa imetoka uyoga kweli, bowa kama tunavyosema kwetu. Kofia pana, nyororo, nyeupe yenye kijani kidogo sana. Mguu ulitoka ndani ya kikombe cheupe kama yai lililopasuka. Wamama, tusidanganyane: mioyo yetu iliruka. Mnazijua zile bowa nyeupe zinazotoka chini ya miombo wakati wa mvua, zenye kikombe chini, zinazouzwa kwa mabeseni kando ya barabara. Zilikuwa hizo, au sisi tuliona hizo. Kambo alipiga magoti. Aliwafundisha watoto namna ya kuzungusha mguu usivunjike, namna ya kuacha zile ndogo, namna ya kunusa. Aliziweka katika kitenge chake moja moja. Wawili kati yetu tulikuwa tumeshaanza kubishana juu ya karanga: za kusaga au za kutwanga.

Mwenzetu muuguzi ndiye aliyesema hapana. Aliisema kwa heshima, amechuchumaa karibu na Kambo: “Mama, hizi hatuwezi kula.”

“Nilikulaka bowa tangu butoto,” Kambo akajibu. “Sikufaka.”

Muuguzi akamwambia kwamba amewahi kulaza familia ya wageni waliookota uyoga kama huu kwa sababu ulifanana na wa kwao. Alieleza, na tunaandika hapa alivyoeleza, juu ya wasomaji wetu walio Ulaya na wale wanaojiandaa kuja. Huku kuna uyoga ambao Kifaransa kinauita amanite phalloïde. Unaota chini ya mialoni na miti mingine ya huku. Unakuwa wa kijani kidogo, wa njano kidogo, wakati mwingine mweupe kabisa. Ladha yake, waliokula na kupona wanasema, ni nzuri. Unakula, unalala, masaa sita, kumi na mawili au zaidi yanaweza kupita bila kitu. Kisha kutapika na kuhara. Kisha, na hapa ndipo unapodanganya watu, siku ya pili au ya tatu mgonjwa anajisikia nafuu, anasema nimepona, na wakati huo maini yanaharibika ndani. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kumwaga maji ya kwanza hakuondoi. Kukausha hakuondoi.

“Konokono amekula hii,” Kambo akasema, akionyesha tundu kwenye kofia. “Kitu anachokula konokono mtu anakula.”

“Konokono hadhuriki, Mama. Sisi tunakufa.”

Tulinyamaza sote, na kunyamaza huko kunatuuma mpaka leo. Hakuna aliyemsaidia muuguzi. Tuliona uso wa Kambo, tukaona watoto wanavyomtazama, na tukajua kinachokwenda kuvunjika. Mtu amepata siku moja ya kujua kitu, na sisi tunamwambia hata hicho hukijui. Ilikuwa rahisi zaidi kutazama mto.

Hapo akapita mzee mmoja wa hapo, na mbwa wake na kikapu. Kambo, ambaye Kifaransa chake ni cha kusalimia tu, alimwita kwa mkono. Mzee akainama, akachukua uyoga mmoja, akaonyesha sketi ndogo shingoni, vijani vyeupe chini ya kofia, na kile kikombe cha mguu. Akautazama uso wa Kambo, akasema neno moja, “Mortel,” akapitisha kidole shingoni. Kisha akafungua kikapu chake kumwonyesha anachokula yeye: uyoga mnene wa kahawia, ambao chini ya kofia ni kama sponji. Kambo akaubonyeza, akakunja pua. Mzee akacheka. Wakaagana kwa mikono miwili, mtu na mtu mwenzake.

Labda Kambo alihitaji kuisikia kwa mtu wa umri wake. Hakutupa bowa kwa hasira. Aliwaita watoto, akazipanga juu ya majani, akawaambia: “Kwetu hii ni chakula. Huku ndugu yake anaua. Tazameni mguu.” Aliwalazimisha kila mmoja achimbe na kijiti auone mfuko ulio chini ya udongo, kwa sababu ukiukata juujuu mfuko unabaki chini na hutajua. Hilo hata sisi wakubwa hatukulifikiri. Kisha akazimwaga nyuma ya mwaloni, akakung'uta kitenge, akatuagiza sote kuosha mikono mtoni.

Baridi ilishuka, jua huku linakwisha haraka wakati huu wa mwaka. Watoto walijaza mifuko njugu zenye miiba walizosema zinachomwa na kuliwa. Muuguzi alizikagua zote tena, maana ziko za aina mbili na moja haifai. Yenye ncha kali kichwani ndiyo nzuri, ya mviringo kama kifungo cha koti tuliiacha. Tulipata gari la saa kumi na moja.

Ndani ya gari kila mtu alikuwa anasinzia. Kambo alikuwa ameketi wima, mikono juu ya fimbo yake, ambayo alikataa kuiacha.

“Zilikuwa tisa,” akasema.

Hatukuelewa.

“Bowa. Niliokota tisa. Nilimwaga saba.”

Wamama, gari zima lilikuwa kimya, au tulisikia hivyo. Hakumtazama mtu yeyote. Alitazama kioo, na kioo kilikuwa cheusi. Baada ya muda mama mapasa alifungua mfuko wake, akatoa kile kitambaa cha bukari, na ndani yake zilikuwamo mbili, nzuri, bila doa. Hatumsemi vibaya, na yeye mwenyewe ameturuhusu tuandike hili. Alituambia alifikiri muuguzi anazidisha, kama watu wa hospitali wanavyozidisha. Alifikiri pia kwamba mzee yule hawezi kujua mambo ya kwetu. Alitaka kupika kidogo tu, yeye na mapasa wake, waonje harufu ya nyumbani.

Kambo alinyosha mkono. Akazichukua, akazifunga katika karatasi, na tuliposhuka Ottignies kubadilisha gari akazitupa mwenyewe kwenye pipa. Kisha akarudi, akakaa karibu na mama mapasa, wakafunikwa na kitenge kimoja mpaka Bruxelles. Hatukusikia walichozungumza.

Namba ya simu ya kituo cha sumu cha Ubelgiji ni 070 245 245, mchana na usiku. Iandikeni mlangoni, ninyi mlioko huku. Na mkiwa na shaka ya uyoga mliokula, msingoje kutapika.

Sasa ombi letu. Tunajua mvua huko bado haijashika. Lakini ikishika, na bowa zikiisha kukaushwa, tunaomba yeyote atakayesafiri kuja huku atubebee kilo moja au mbili, safi, bila mchanga, kutoka kwa mwuzaji mnayemjua. Tutalipa bowa na uzito wa valizi. Kambo amesema atapika yeye, na watoto ndio watakaotwanga karanga.